Ugonjwa wa Jongo na Urithi wa Familia: Tuelewe Kabla ya Kulaumu

Yako maumivu ambayo humjia mtu usiku bila taarifa. Amelala akiwa mzima, hana jeraha wala hakujikwaa popote, lakini saa nane za usiku anaamshwa na kidole gumba cha mguu kinachowaka kana kwamba kimewekwa juu ya kaa la moto. Kufikia alfajiri kidole kimevimba, ngozi imekaza na kung'aa, na hata uzito wa shuka hauvumiliki. Huo ndio mwanzo wa kawaida wa ugonjwa wa jongo, ambao wengi wetu, hasa mijini, huuita gauti.

Maumivu hayo yakipungua huja maumivu ya pili, nayo ni ya maneno. Wako wasemao kwamba mgonjwa anavuna alichopanda, kwa kuwa amezidisha nyama choma na bia. Wako wanaonong'ona kwamba amekanyaga dawa iliyotegwa njiani, na papo hapo jirani au ndugu fulani anaanza kutazamwa kwa jicho baya. Mgonjwa naye, akiwa ni mtu asiyeonja pombe na anayekula nyama mara chache, hubaki akijiuliza amekosa nini. Kwa aibu anaficha ugonjwa wake, ananunua vidonge vya maumivu dukani kila anapozidiwa, na miaka inapita huku maungio na figo zake zikiharibika.

Makala hii inakusudia kueleza jambo moja ambalo sayansi imelithibitisha kwa uwazi mkubwa katika miaka ya karibuni: kwamba kupatwa au kutopatwa na jongo hutegemea kwa kiasi kikubwa maumbile tuliyorithi kutoka kwa wazazi wetu, hasa namna figo zetu zinavyoshughulikia taka moja ya mwili iitwayo asidi ya yuriki. Kulielewa jambo hili kunatusaidia kuacha kumhukumu mgonjwa, na kunamwelekeza mgonjwa mwenyewe kwenye tiba iliyo sahihi.

Jongo ni nini?

Ndani ya kila seli ya mwili, na ndani ya vyakula vingi tunavyokula, kuna viini viitwavyo purini. Seli zinapochakaa na kufa, na chakula kinapomeng'enywa, purini huvunjwa hatua kwa hatua, na mabaki yake ya mwisho ni asidi ya yuriki. Sehemu kubwa ya asidi hiyo hutokana na mwili wenyewe, na sehemu iliyo ndogo hutokana na chakula. Kwa kawaida huyeyuka katika damu, kisha hutolewa nje: takribani theluthi mbili kwa njia ya figo na mkojo, na theluthi moja kwa njia ya utumbo.

Shida huanza pale asidi hiyo inapozidi kiwango ambacho damu inaweza kukiyeyusha, yaani karibu miligramu 6.8 katika kila desilita ya damu. Sote tumeona sukari iliyozidi kwenye kikombe cha chai: inayoweza kuyeyuka huyeyuka, na inayobaki hutuama chini. Vivyo hivyo asidi ya yuriki iliyozidi hugeuka kuwa fuwele ndogo sana, nyembamba kama sindano, zinazotuama katika maungio na pembeni mwake. Hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi, na ndiyo sababu kidole gumba cha mguu, kifundo cha mguu na goti huathirika mara nyingi zaidi.

Fuwele hizo zinaweza kukaa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Siku moja mfumo wa kinga ya mwili huzitambua kama adui na kuzishambulia, na vita hiyo ndiyo inayoleta joto, uvimbe na maumivu makali. Shambulio la kwanza aghalabu hutulia lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kwa sababu hiyo, kitu chochote alichotumia mgonjwa katika siku hizo, kiwe mzizi, mafuta au maji ya kunywa aliyopewa na mganga, hupewa sifa ya kumponya. Kumbe fuwele bado zimo, na shambulio lingine linaandaliwa. Ugonjwa usipotibiwa mashambulio hukaribiana, vinundu vigumu huota kwenye vidole na viwiko, na maungio huharibika kabisa.

Kwa nini binadamu hupata jongo?

Wanyama wengi wanaonyonyesha hawapati ugonjwa huu kama sisi. Miili yao ina kimeng'enya kinachoitwa yurikasi, ambacho huigeuza asidi ya yuriki kuwa kitu kingine kinachoyeyuka kwa urahisi zaidi. Binadamu, pamoja na sokwe na jamii zake, wanayo jeni ya kutengeneza kimeng'enya hicho, lakini imeacha kufanya kazi tangu miaka mamilioni mingi iliyopita. Kwa hiyo kila mwanadamu, awe tajiri au maskini, mlevi au mwenye kiasi, huzaliwa akiwa na asidi ya yuriki nyingi kuliko wanyama wengi.

Juu ya hayo, figo za binadamu haziitupi asidi hiyo yote inayopita ndani yake. Huichuja kutoka katika damu, kisha huirudisha tena katika damu karibu asilimia 90 yake. Tofauti ndogo tu katika kazi hiyo ya kuchuja na kurudisha inatosha kumfanya mtu mmoja aishi salama na mwingine ajaze fuwele maungioni. Kwa wagonjwa walio wengi tatizo kuu ni kwamba mwili unashindwa kuitoa asidi hiyo ipasavyo. Tofauti hiyo ndogo, kwa sehemu kubwa, ndiyo tunayorithi.

Kutoka bustani ya monasteri hadi maabara

Elimu ya urithi ina mizizi ambayo Mkatoliki hana budi kuifahamu. Gregor Mendel alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino katika monasteri ya Mtakatifu Thoma huko Brno, mji ulio leo katika Jamhuri ya Cheki. Kwa miaka kadhaa alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akazichanganya kwa uangalifu, akahesabu rangi na maumbo ya mbegu za kila kizazi. Mwaka 1866 alichapisha matokeo yake, akionesha kwamba sifa za wazazi huwafikia watoto kwa kufuata kanuni zinazohesabika. Alifariki mwaka 1884 kabla ulimwengu haujatambua uzito wa kazi yake, ambayo ilianza kuheshimiwa mwaka 1900.

Wakati huohuo, huko Uingereza, tabibu Alfred Baring Garrod alikuwa akichunguza jongo. Mwaka 1848 alieleza kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki iliyozidi. Mwanawe, Archibald Garrod, naye akawa tabibu, na mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia kanuni za Mendel kueleza ugonjwa wa binadamu, ingawa ugonjwa huo haukuwa jongo. Baba alionesha kilichomo katika damu ya mgonjwa. Mwana alisaidia kuonesha kwamba kilichomo katika damu kinaweza kuwa kimetoka kwa wazazi.

Kwamba jongo hutembea katika koo fulani kulijulikana zamani. Kaisari Charles V, aliyetawala Hispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya, aliteswa na jongo tangu ujana wake, na maradhi yalichangia uamuzi wake wa kujiuzulu kuanzia mwaka 1555 na 1556 na kwenda kuishi karibu na watawa huko Yuste, alikofariki mwaka 1558. Mwaka 2006 wanasayansi walitangaza kwamba walikichunguza kipande cha kidole chake kilichohifadhiwa, wakakuta fuwele za asidi ya yuriki zimeula mfupa. Mwanawe, mfalme Philip II, naye aliugua jongo hadi kushindwa kutembea. Hata hivyo mtu angeweza kusema kwamba baba na mwana walikula meza moja ya kifalme, na ndipo ugonjwa ulipotoka. Kwa upande mwingine tunaye Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa kuanzia mwaka 590 hadi 604, mtawa aliyejulikana kwa kufunga kwingi, ambaye katika barua zake alilalamikia maumivu ya jongo yaliyomlaza kitandani. Swali la kutenganisha mchango wa damu na mchango wa meza lilipaswa kusubiri sayansi ya nyakati zetu.

Malango ya figo

Mwili wetu una chembe za urithi ziitwazo jeni, na kila jeni ni kama maagizo ya kutengeneza protini fulani. Nusu ya maagizo hayo tumepewa na baba na nusu na mama. Katika figo na utumbo zipo protini zinazofanya kazi kama malango: baadhi huirudisha asidi ya yuriki katika damu, na nyingine huisukuma itoke nje.

Lango la kwanza kufahamika vizuri lilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 2002. Linaitwa URAT1, na hutengenezwa kwa maagizo ya jeni SLC22A12. Kazi yake ni kuirudisha asidi ya yuriki kutoka katika mkojo unaotengenezwa kwenda katika damu. Watu wachache waliozaliwa na lango hilo likiwa bovu wana asidi kidogo mno katika damu yao, nao hawapati jongo, ingawa baadhi yao husumbuliwa na figo baada ya mazoezi makali.

Mwaka 2008 ilibainika kwamba jeni nyingine, SLC2A9, nayo hutengeneza lango kubwa la kurudisha asidi hiyo. Tofauti za jeni hii kati ya mtu na mtu ni miongoni mwa zile zenye nguvu kuliko zote katika kupanga kiwango cha asidi ya yuriki, na nguvu yake huonekana zaidi kwa wanawake.

Jeni ya tatu ni ABCG2. Lango lake hufanya kazi iliyo kinyume: huisukuma asidi nje, hasa kupitia utumbo. Kuna badiliko moja katika jeni hii linalopunguza uwezo wa lango kwa takribani nusu. Aliyerithi badiliko hilo hubaki na asidi nyingi zaidi mwilini, na hatari yake ya kupata jongo huongezeka. Badiliko hilo ni la kawaida sana katika Asia ya Mashariki, na ni la nadra barani Afrika, ambako tofauti nyingine za urithi zinahitaji kutafitiwa zaidi.

Jeni hizo tatu si mwisho wa habari. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa mataifa mbalimbali lilichapisha uchunguzi uliohusisha watu milioni 2.6, wakiwamo wagonjwa wa jongo zaidi ya 120,000. Walibaini sehemu 377 katika maumbile ya urithi zinazohusiana na ugonjwa huu. Baadhi zinahusu figo, na nyingine zinahusu namna kinga ya mwili inavyopambana na fuwele. Jambo hili la pili linaeleza fumbo ambalo madaktari walilijua kwa muda mrefu, kwamba watu wengi wana asidi ya yuriki iliyozidi lakini hawaugui jongo kamwe. Yawezekana mtu amerithi figo zinazorudisha asidi nyingi, lakini pia amerithi kinga isiyokuwa na hasira na fuwele.

Kwa kuwa jeni zinazohusika ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo, jongo la kawaida halifuati mstari mmoja ulio wazi kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kupokea mafungu tofauti: mmoja akaugua akiwa na miaka 40, mwingine akazeeka bila kuonja maumivu hayo. Tofauti hiyo haihitaji kuelezwa kwa uchawi. Huko Taiwan, uchunguzi wa kumbukumbu za bima ya afya ya taifa zima ulionesha kwamba mtu mwenye mzazi, ndugu au mtoto anayeugua jongo, hatari yake mwenyewe huwa karibu mara 2 ya mtu mwingine.

Na chakula je?

Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza matokeo ya kuwachunguza watu zaidi ya 16,000 wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Walitaka kujua ni kwa kiasi gani tofauti za asidi ya yuriki kati ya mtu na mtu zinaelezwa na mtindo wa ulaji, na ni kwa kiasi gani zinaelezwa na jeni. Kila mtindo wa ulaji walioupima ulieleza asilimia 0.3 au pungufu ya tofauti hizo. Jeni za kawaida zilieleza karibu asilimia 24.

Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Hazisemi kwamba chakula hakina maana. Bia na pombe nyingine, nyama ya viungo vya ndani kama ini na figo, baadhi ya samaki na dagaa, pamoja na soda na vinywaji vingine vyenye sukari nyingi, vinaweza kuamsha shambulio kwa mtu ambaye tayari ana fuwele maungioni. Uzito wa mwili uliozidi nao huongeza asidi ya yuriki. Zinachosema takwimu hizo ni kwamba watu wawili wanaweza kuketi katika sherehe moja, wakala sahani zinazofanana na kunywa kiasi kilekile, na mmoja tu akaamka usiku akilia. Wa pili hakuwa na fadhila kumzidi wa kwanza. Alirithi malango yanayofanya kazi vizuri zaidi.

Funzo kutoka visiwa vya Pasifiki

Mfano ulio wazi zaidi wa madhara ya kulaumu unapatikana New Zealand. Huko, Wamaori hupata jongo karibu mara 2, na watu wenye asili ya visiwa vya Pasifiki karibu mara 3, wakilinganishwa na wakazi wengine. Kwa muda mrefu jambo hilo lilielezwa kwa dhihaka kuwa ni matokeo ya ulaji na unywaji. Uchunguzi wa urithi umeonesha vingine. Tofauti za jeni SLC2A9 na ABCG2 zinachangia sana, na badiliko la ABCG2 tulilolitaja limeonekana kuwa na uzito wa pekee kwa watu wa asili ya Samoa na Tonga. Tena huko Vanuatu wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya watu walioishi takribani miaka 3,000 iliyopita, yenye alama zinazofanana na za jongo. Watu hao hawakuwa na soda wala bia za viwandani.

Hata hivyo, jamii hizo zinazougua zaidi ndizo ambazo wagonjwa wake hawapati mara kwa mara dawa za kupunguza asidi ya yuriki kama inavyostahili. Zipo sababu nyingi, na mojawapo ni aibu. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ugonjwa ni kosa lake huona haya kwenda hospitali, na akienda huogopa kurudi. Hatari hiyohiyo ipo katika parokia na vijiji vyetu.

Wanawake, vijana na familia zenye dalili za pekee

Tangu nyakati za Hippocrates ilijulikana kwamba mwanamke hapati jongo kwa urahisi kabla ya ukomo wa hedhi. Sababu yake leo inafahamika: homoni ya estrojeni husaidia figo kuitoa asidi ya yuriki. Baada ya umri huo kinga hiyo hupungua, na akina mama wengi hupata jongo wakiwa wazee, mara nyingi pamoja na shinikizo la damu au maradhi ya figo. Kwa kuwa jamii inaamini huu ni ugonjwa wa wanaume wanywaji, maumivu ya mama hudhaniwa kuwa ya uzee tu.

Kwa upande mwingine, jongo likimpata kijana aliye chini ya miaka 30, au mwanamke ambaye bado anapata hedhi, daktari anapaswa kuuliza zaidi juu ya familia yake. Yapo maradhi ya nadra yanayotokana na jeni moja tu. Kasoro katika jeni iitwayo UMOD huleta jongo la mapema pamoja na figo kushindwa kufanya kazi polepole, na kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Kasoro nyingine, iliyo katika jeni HPRT1, huwapata hasa watoto wa kiume, kwa kuwa jeni hiyo imo katika kromosomu ya X. Ikiwa kali sana huleta ugonjwa mzito wa ubongo na tabia ya kujiuma, uliotambulishwa na Michael Lesch na William Nyhan mwaka 1964. Ikiwa ya wastani, kijana huishia kupata mawe ya figo na jongo. Aidha, wenye ugonjwa wa selimundu wanaweza kuwa na asidi ya yuriki nyingi, kwa sababu chembe zao nyekundu za damu hufa haraka na figo zao huathirika.

Urithi si hukumu

Mtu akisikia neno urithi anaweza kukata tamaa na kusema kwamba hakuna la kufanya. Kwa jongo ukweli ni kinyume chake. Huu ni miongoni mwa maradhi ya viungo yanayotibika vizuri kabisa. Figo zilizorithiwa hazibadiliki, lakini kiwango cha asidi ya yuriki kinaweza kushushwa kwa dawa na kudumishwa chini. Lengo ambalo madaktari hulifuata ni chini ya miligramu 6 katika desilita moja ya damu. Kiwango kikikaa hapo kwa miezi na miaka, fuwele huyeyuka zenyewe, mashambulio hukoma na vinundu husinyaa.

Dawa inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni alopurinoli. Huanzishwa kwa dozi ndogo na kuongezwa polepole huku damu ikipimwa, na hutumiwa kila siku, hata siku ambazo mgonjwa hasikii maumivu. Katika miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza kuongezeka kwa muda, kwa sababu fuwele zinaanza kusogea. Wengi huiacha dawa hapo wakidhani inawadhuru. Daktari anaweza kutoa dawa nyingine ya kuzuia maumivu ya kipindi hicho. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki hutuliza shambulio, lakini havipunguzi asidi ya yuriki, na vikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo ambazo tayari zimeelemewa.

Hata katika tiba urithi una sauti. Mwaka 2005 watafiti wa Taiwan walieleza kwamba watu wenye aina fulani ya jeni ya kinga, HLA-B*58:01, wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata madhara makali ya ngozi wakitumia alopurinoli. Madhara hayo ni ya nadra, lakini yanaweza kuua. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza kipimo cha jeni hiyo kabla ya dawa kwa wagonjwa wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, wakiwamo Wachina wa Han, Wakorea na Wathai, na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Mahali kipimo hicho kisipopatikana, kanuni ni kuanza na dozi ndogo, na mgonjwa akiona upele, homa au vidonda mdomoni, aache dawa mara moja na kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Ni vyema pia kumweleza daktari dawa nyingine unazotumia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, aspirini ya dozi ndogo, na dawa za kifua kikuu kama pirazinamidi huongeza asidi ya yuriki. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali aseme, ili daktari apime na kuamua. Anywe maji ya kutosha. Na katika kipindi cha Kwaresima akumbuke kwamba kukaa na njaa kwa muda mrefu kunaweza kuamsha shambulio. Sheria ya Kanisa juu ya kufunga haimbani mgonjwa. Azungumze na daktari wake na paroko wake, naye atapata namna nyingine ya kufanya toba.

Wajibu wa familia na jumuiya

Familia yenye mgonjwa wa jongo inapaswa kulizungumza jambo hilo waziwazi. Baba awaambie wanawe. Bibi awaambie binti zake. Aliye na ndugu wa karibu mwenye jongo, akiona kiungo kimevimba ghafula au akipata mawe ya figo, aende kupimwa asidi ya yuriki na kazi ya figo, wala asisubiri shambulio la tatu. Lakini kiungo kilichovimba pamoja na homa kali kiangaliwe na mganga haraka, kwa sababu chaweza kuwa na usaha badala ya fuwele, na usaha huharibu kiungo kwa siku chache.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake. Bwana wetu alilikataa swali lenyewe, kisha akamhudumia yule mtu. Sisi nasi, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tukimtembelea ndugu aliyelala akiwa na mguu uliovimba, tusimuulize alikula nini wala ni nani aliyemtega. Tumuulize kama amepima damu, kama anayo nauli ya kwenda hospitali, na kama yuko mtu wa kumsindikiza.